Babu alijenga madaraja Burma: namna ya kuandika kumbukumbu ya askari wa kazi

Msomaji wa Songea anauliza: "Babu yangu alikuwa askari wa keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) upande wa wahandisi, akapelekwa Burma, Myanmar ya leo, katika Vita vya Pili vya Dunia. Ametuachia kaseti mbili alizorekodiwa mwaka 1988, cheti chake cha kuachishwa jeshi na nishani tatu. Kwenye kaseti anasema walijenga daraja refu kuliko yote duniani mahali panapoitwa Kalewa, wakibeba vyuma watu sita sita, na barabara ya magunia yenye lami. Nataka kuandika kitabu cha ukoo. Binamu yangu anasema mzee alikuwa kibarua tu, hakupigana, kwa hiyo hakuna cha kuandika. Nianzie wapi, na nitajuaje lipi ni kweli?"

Ndugu msomaji, katika yote uliyoandika, maneno yenye uzito mkubwa ni hayo "watu sita sita". Anza nayo. Usianze na vita, na wala usianze na majenerali.

Daraja analolizungumzia babu yako ni la aina ya Bailey, linaloitwa kwa jina la Mwingereza Donald Bailey aliyelibuni. Lilikuwa la vipande. Kipande kikuu ni fremu ya chuma yenye urefu wa futi 10, yaani mita 3 na kidogo, na kimo cha karibu mita moja na nusu. Uzito wake ni ratili 570, takriban kilo 258, na ulipimwa makusudi ili watu sita waweze kuinua fremu moja kwa mipini, bila winchi wala mashine. Kila mtu anabeba kama kilo 43. Habari za daraja kubwa babu yako angeweza kuzisikia kwa yeyote, lakini hesabu ya mabega huijua yule aliyebeba. Kwa hiyo kumbukumbu ya askari wa kazi ipimwe kwa kazi yenyewe: alishika nini, kilikuwa na uzito gani, nani alikuwa mbele yake na nani nyuma, kitu gani kilikwama. Mzee akiyasema hayo sawasawa, msikilize kwa makini hata pale anapokosea mwaka au jina la kamanda.

Ili uweze kuifuata kaseti, elewa kwanza daraja hilo lilivyosukumwa. Wahandisi walipima mstari wa katikati, kisha wakaweka rola ukingoni mwa mto na nyingine nyuma yake nchi kavu. Juu ya rola hizo waliunga fremu moja baada ya nyingine kwa pini nene za chuma zilizogongwa kwa nyundo, kila pini ikizuiwa isichomoke kwa kipini chembamba cha usalama. Boriti zililazwa kukatiza kati ya kuta mbili za fremu. Sehemu ya mbele iliachwa mifupa mitupu, bila sakafu, ili iwe nyepesi. Hiyo tuiite pua. Kisha watu waliegemea na kusukuma, pua ikatoka juu ya maji ikining'inia hewani hadi ikagusa rola za ng'ambo. Baada ya hapo pua ilifunguliwa vipande, daraja likashushwa kwa jeki hadi kwenye vikalio vyake, mbao za sakafu zikapangwa, na malori yakapita.

Hatari ilikuwa kwenye uwiano. Wakati pua iko hewani, uzito wa upande wa nyuma lazima ushinde wa mbele. Wakisukuma kupita kiasi kabla ya kuongeza fremu nyuma, daraja zima linainamia mtoni. Matatizo mengine yalitoka ardhini: kwenye matope, rola ya upande mmoja ikizama hata kidogo, kuta mbili hazilingani tena, matundu ya pini hayakutani, na kazi inasimama usiku kucha huku watu wakiinua kwa jeki na kusogeza kwa mtaimbo. Vidole vilipondwa pale fremu mbili zinapokutanishwa. Sikiliza kama mzee anataja pini zilizogoma kuingia, au nyundo, au mtu aliyeumia mkono. Kila anapogusa jambo la namna hiyo, andika dakika na sekunde za kaseti.

Sasa tuje Kalewa, maana hapa unahitaji uangalifu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, chini ya Meja Jenerali Fowkes, ilishuka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya mvua za masika ya huko, ikifuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Imphal, upande wa India. Ilifika Kalemyo katikati ya Novemba na Kalewa mwanzoni mwa Desemba, kisha vikosi vyake vikavuka mto Chindwin kwa mashua na kushika ng'ambo. Hapo ndipo daraja la Bailey la kuelea lilipowekwa, urefu wake futi 1,154, kama mita 352, likafunguliwa tarehe 10 Desemba 1944. Vipande vyake viliunganishwa kwenye mto Myittha, unaoingia Chindwin hapo hapo Kalewa, kisha vikateremshwa majini hadi mahali pake. Wakati huo lilihesabiwa kuwa daraja refu kuliko yote ya aina yake. Kwa hiyo, tukihesabu madaraja ya Bailey, mzee hakuzidisha chumvi.

Lakini daraja lile lilikuwa kazi ya wahandisi wa ngazi ya kori, yaani kundi la divisheni kadhaa, kwa sehemu kubwa Wahindi. Wahandisi wa Divisheni ya 11 walikuwa na kazi yao ya kuifikisha divisheni hapo: madaraja madogo yasiyo na idadi juu ya vijito vya Kabaw, vivuko, kutafuta mabomu ya ardhini, na barabara ambayo matope yaliimeza kila siku. Inawezekana kabisa babu yako alikuwa Kalewa, akaliona daraja, akabeba fremu zake au akatengeneza njia ya kuteremkia mtoni. Inawezekana pia kwamba fremu alizobeba zilikuwa za daraja jingine, na miaka zaidi ya arobaini baadaye madaraja yote yakaungana kuwa lile moja maarufu. Wazee wengi husema "tulijenga" wakimaanisha jeshi letu, na hilo si uongo. Wewe andika kama alivyosema, kwa maneno yake, halafu katika maelezo yako eleza nani alikuwa na jukumu gani. Usimsahihishe ndani ya sentensi yake.

Barabara ya magunia yenye lami nayo ni kweli tupu, na ina siri itakayokusaidia. Jeshi la 14, lile la Waingereza lililopigana Burma, halikuwa na mawe ya kutosha wala muda wa kujenga barabara ya kokoto kutoka mji wa Tamu hadi Kalewa. Mhandisi mkuu wake, Hasted, alitumia kitambaa cha juti, kile kile cha magunia, kilichochovywa kwenye lami. Kilikatwa kanda za urefu wa yadi 50 na upana wa yadi moja. Udongo ulichongwa ukapewa mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni, ukashindiliwa, mifereji ikachimbwa pande zote mbili, kisha kanda zikatandazwa, ukingo wa moja ukipanda juu ya nyingine kama vigae. Zaidi ya maili 100 zilifunikwa hivyo.

Barabara hiyo ilidumu kwa sharti moja tu, kwamba isitoboke. Tairi likichana mahali padogo, maji yanaingia chini, udongo unageuka uji, kila lori linalopita linausukuma uji huo mbali zaidi chini ya kitambaa, na kabla ya jioni pamekuwa shimo la kumeza ekseli. Ndiyo maana palihitajika watu kando ya barabara mchana na usiku, wakiwa na sepetu, viraka na lami ya moto. Hao ndio watu ambao vitabu vya vita huwapa nusu mstari, na bila wao risasi, mchele na majeruhi visingesogea.

Siri niliyoitaja ni hii: kazi kubwa ya barabara hiyo ilifanyika mapema 1945, kabla ya mvua za mwaka ule, wakati Divisheni ya 11 ilikuwa tayari imeondolewa mbele kurudishwa India. Ikiwa babu yako alitandaza kitambaa hicho kwa mikono yake kati ya Tamu na Kalewa, basi huenda hakuwa katika kombania ya divisheni. Pengine alikuwa katika kikosi cha wahandisi au cha Pioneer, yaani askari wa kazi za ujenzi na barabara, kilichobaki chini ya jeshi au kori. Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki nayo ilibaki vitani na Februari 1945 ilikuwa Seikpyu na Letse, upande wa mto Irrawaddy. Jina la mji mmoja tu kwenye kaseti linaweza kukuonyesha njia ipi aliipita.

Sasa fungua cheti cha kuachishwa. Nakili kila herufi kama ilivyo, hata zile usizozielewa. Namba ya askari kwa kawaida hutanguliwa na herufi, na wengi huziacha wakidhani ni pambo. Usiziache. Baada ya namba tafuta kifupisho cha kikosi. EAE ni wahandisi. EAASC ni uchukuzi na mahitaji, yaani madereva, wapishi wa mikate na watunza stoo. EAAMC ni utabibu. EAEME ni mafundi wa magari na mitambo. EAMLS ni kikosi cha kazi za mikono. Pioneer mara nyingi huandikwa kwa ukamilifu. Kisha tafuta daraja la ufundi: useremala, uashi, uhunzi, udereva. Mafundi wa jeshi walipimwa na kupewa madaraja, na daraja hilo liligusa mshahara wao. Mzee mwenye daraja la fundi kwenye cheti hakuwa mtu wa kubeba tu, na hilo ni jibu la kwanza kwa binamu yako.

Nishani zitakuambia alikofika, lakini hazitakuambia yeye ni nani. Nyota za shaba za vita vile zina ncha sita, na jina la nyota limeandikwa kwenye duara la katikati. Nishani za Uingereza za vita vya pili kwa kawaida hazikuchongwa jina la mwenye kupewa, kwa hiyo usihangaike kutafuta jina la babu pembezoni mwake. Nyota ya Burma ina utepe wa bluu iliyokolea, nyekundu pana katikati na mistari miwili ya rangi ya chungwa. Ukikuta Nyota ya Afrika pia, basi aliingia mapema, na kaseti inaweza kuwa na Somalia na Abisinia (Ethiopia ya leo) ndani yake: Kismayu ilitwaliwa katikati ya Februari 1941, Mogadishu tarehe 25 mwezi ule ule, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Akitaja meli na watu wanaozungumza Kifaransa, fikiria Madagascar, ambako Brigedi ya 22 ilishuka Majunga Septemba 1942. Huko Wafaransa walijaza njia ya kwenda mji mkuu, Tananarive, kuta za mawe na miti iliyokatwa, na daraja la mto Betsiboka wakalikata likaangukia majini. Kazi ya kusafisha njia ilikuwa kubwa kuliko mapigano yenyewe.

Tafadhali usizisugue nishani kwa dawa ya kung'arisha, na cheti usikitie plastiki ya moto. Kipige picha pande zote mbili, kisha kihifadhi ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na jua na mchwa.

Ukishapata jina au namba ya kombania, nenda kwenye shajara za vita. Kila kikosi kilijaza fomu kila mwezi: mahali, tarehe, saa, na muhtasari wa lililotokea. Zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London. Za Burma na Asia ya kusini mashariki zimo katika kundi WO 172, za Mashariki ya Kati na Afrika Mashariki katika WO 169. Orodha yake inasomeka bure kwa intaneti. Andika "East African Engineers", au kifupisho EA pamoja na namba ya kombania. Shajara nyingi hazisomeki moja kwa moja mtandaoni, bali huagizwa nakala kwa malipo, kwa hiyo pata kwanza namba kamili ya jalada na miezi unayoitaka. Agosti hadi Desemba 1944 inatosha kwa kuanzia. Omba kurasa chache kwanza uone mwandiko. Maofisa wengine waliandika sana, wengine walijaza "hakuna la kuripoti" wiki nzima.

Jiandae kwa jambo moja litakalokuuma. Shajara iliandikwa na ofisa Mzungu, na ndani yake Waafrika ni idadi. Utaona kifupisho AOR, maana yake askari wa Kiafrika wa vyeo vya chini, na mbele yake tarakimu: AOR 3 wamejeruhiwa, AOR 40 wamepelekwa kivukoni. Ofisa atatajwa kwa jina hata akienda likizo. Babu yako hutamkuta humo. Utakachokuta ni siku, mto, urefu wa daraja, na hali ya mvua, na kaseti yako ndiyo itakayotia watu ndani ya tarakimu hizo. Weka kurasa mbili sambamba, shajara kushoto na kaseti kulia, uzipange kwa tarehe. Pale zinapokubaliana una ushahidi wa pande mbili. Pale zinapopingana, acha zote mbili zionekane. Ofisa aliyekaa hemani naye alikuwa na mengi asiyoyaona.

Kwa waliokufa kuna njia nyingine. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure mtandaoni. Chukua kila jina la rafiki ambalo mzee analitaja kwamba alifia Burma, ulitafute humo. Majina yaliandikwa na makarani kwa masikio yao, kwa hiyo Mwakasege anaweza kuwa Makasegi. Tafuta kwa kikosi na mwezi kuliko kwa jina. Walio na makaburi wengi wako Imphal na Taukkyan, karibu na Rangoon. Wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, uliopo Taukkyan hapo hapo, wenye majina karibu 27,000. Jina moja la rafiki, likiwa na tarehe na kikosi, linaweza kukupa kombania ya babu yako kuliko karatasi zote.

Kabla ya kusikiliza tena kaseti hizo, vunja vile vijimeno viwili vya nyuma ili zisirekodiwe juu kwa bahati mbaya. Peleka kanda mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja ilegee, safisha kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti, kisha icheze mara moja tu ukiiingiza kwenye kompyuta kama faili la WAV, si MP3. Tengeneza nakala tatu katika sehemu tofauti. Sikiliza nakala, kaseti zipumzike.

Unapoandika alichosema, usikisafishe Kiswahili chake. Kiswahili cha keya kilikuwa na sarufi yake fupi na amri zake, na namna mzee alivyosema "kombania" au "afande" ni sehemu ya ushahidi. Weka alama tofauti kwa alichokiona, alichofanya na alichosikia kwa wengine. Uliza pia wanaokumbuka simulizi zake, hasa bibi na shangazi, lakini waulize kazi: alikula nini njiani, walilala wapi mvua ikinyesha, viatu vilidumu miezi mingapi, vidonge vya manjano vya malaria walivimeza kwa amri ya nani. Vidonge hivyo vilikuwa mepakrini, na viligeuza ngozi kuwa ya manjano. Ndugu akisema mzee alirudi "na rangi mbaya", ameshakupa jambo la kweli. Uliza mshahara na alicholipwa wakati wa kuagwa. Malipo yale yalipangwa kwa rangi ya ngozi pamoja na cheo, na ukoo wenu una haki ya kuyaandika waziwazi.

Kuhusu binamu. Wahandisi wa medani walibeba bunduki pamoja na sururu, na mara nyingi walitangulia mbele kukagua njia na mabomu kabla askari wa miguu hawajapita. Hata hivyo nisingependa umtetee mzee kwa kumfanya mpiganaji asiyekuwa. Hiyo ndiyo kasoro inayoharibu kumbukumbu nyingi za namna hii: mwandishi anaona aibu kwa sepetu, anaongeza risasi, na msomaji anayejua anaacha kuamini hata yale ya kweli. Isaac Fadoyebo wa Nigeria alikuwa mhudumu wa tiba tu huko huko Burma, na kumbukumbu yake ni miongoni mwa maandishi muhimu kabisa ya askari Mwafrika wa vita vile, kwa sababu ameandika kazi yake, jeraha lake na wanakijiji waliomficha, bila kujipa cheo asichokuwa nacho. Hapa kwetu, sanamu ya askari iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928 kwa ajili ya vita vya kwanza inamwonyesha mpagazi pamoja na wenye bunduki, na maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi cha wapagazi hao hao.

Kwa hiyo upange kitabu kwa kazi: kuandikishwa, mafunzo ya ufundi, meli, barabara, mito, kurudi. Sura ya mito iwe ndefu kuliko zote, na ndani yake weka ukurasa mzima wa kubeba fremu moja, kuanzia kwenye lori hadi kwenye pini, kwa maneno ya kaseti. Chora mchoro mdogo wa fremu na watu sita. Ukimaliza, peleka nakala ya maandishi na ya sauti katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na katika maktaba ya chuo kikuu kimoja. Kaseti zenyewe, cheti na nishani zibaki kwenu. Na kila nakala iandikwe namba ya mzee pamoja na herufi zake, ili mjukuu wa mtu mwingine wa kombania ile ile akitafuta, amkute.